De Hevesy: Mkemia aliyeshindwa na risasi, akafungua siri za mwili

DAKTARI anapomdunga mgonjwa dawa yenye mionzi hafifu ili atazame kwenye picha jinsi mifupa, figo au tezi yake inavyofanya kazi, hutumia mbinu ambayo sasa imetimiza zaidi ya karne moja. Mbinu hiyo haikubuniwa na tabibu, wala haikuanzia hospitalini. Chimbuko lake ni maabara ya fizikia mjini Manchester, Uingereza, ambako kijana mmoja mkemia kutoka Hungaria alipoteza karibu miaka miwili akijaribu kutenganisha vitu viwili ambavyo, kama ilivyokuja kubainika, hakuna mkemia wa wakati huo angaliweza kuvitenganisha.

Kijana huyo aliitwa George de Hevesy. Kilichomshinda kilikuwa aina ya madini ya risasi yenye kutoa mionzi, ambayo enzi hizo ilijulikana kwa jina la Radiamu D na ambayo leo wanasayansi huiita risasi-210.

De Hevesy alizaliwa mjini Budapest mnamo Agosti 1, 1885, akiwa mtoto wa tano kati ya wanane. Familia yake ilikuwa ya Kikatoliki yenye asili ya Kiyahudi, na ilijaliwa mali pamoja na cheo cha ukabaila. Hakuonja dhiki utotoni. Alisomea shule ya watawa wa shirika la Piarist, akaendelea na masomo ya juu Budapest na Berlin, kisha akajipatia shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Freiburg, Ujerumani, mwaka wa 1908. Baadaye alifanya kazi Zurich, Uswisi, na kwa muda mfupi akawa chini ya Fritz Haber mjini Karlsruhe, kabla ya kuvuka bahari kwenda Manchester mnamo 1911.

Manchester ya mwaka huo haikuwa mahali pa kawaida. Ernest Rutherford alikuwa ndio kwanza ameonyesha kwamba atomu ina kiini kidogo kilichobeba takriban uzito wake wote. Vijana walioizunguka meza yake walikuwa miongoni mwa wenye akili pevu zaidi barani Ulaya, wakiwemo Henry Moseley, na baada ya muda Niels Bohr kutoka Denmark, ambaye angekuwa rafiki wa De Hevesy hadi kifo.

Rutherford alikuwa na tatizo. Serikali ya Austria ilikuwa imemtunukia mamia ya kilo za risasi iliyotolewa katika mawe ya urani ya Joachimsthal, mji ambao leo umo katika Jamhuri ya Cheki. Ndani ya shehena hiyo kulifichamana Radiamu D, ambayo Rutherford aliihitaji sana kwa majaribio yake. Lakini risasi yote ile ya kawaida ilikuwa ikimziba njia, kwani iliimeza mionzi ya ile kidogo iliyotakikana. Kazi aliyompa De Hevesy ilikuwa nyepesi kuieleza: aitoe Radiamu D, aiache risasi.

Hapa inafaa kusimama kidogo tuitazame risasi yenyewe, maana msomaji huenda anaijua tu kama ile inayotoka kwenye mtutu wa bunduki, au kama chubwi ambacho mvuvi hukifunga kwenye mshipi wake ili uzame. Kila atomu ya risasi ina protoni 82 katika kiini chake. Idadi hiyo ndiyo inayoifanya iwe risasi na si dhahabu wala zebaki. Kinachoweza kubadilika ni idadi ya nutroni. Risasi iliyo nyingi zaidi duniani ina nutroni 126, hivyo protoni na nutroni zake kwa jumla ni 208, nayo ni tulivu kabisa. Haina mpango wa kugeuka kuwa kitu kingine. Risasi-210 ina nutroni 128. Hizo mbili za ziada zinatosha kukitia kiini chake msukosuko.

Risasi-210 huzaliwa katika ukoo mrefu unaoanzia kwa urani. Urani humeguka polepole kwa mabilioni ya miaka, ikapitia hatua kadhaa hadi kuwa radiamu. Radiamu nayo huzaa radoni, ambayo ni gesi, na ambayo nusu yake hutoweka kwa muda usiotimia siku nne. Wajukuu wa radoni hupita haraka, baadhi yao wakidumu dakika chache na wengine chini ya sekunde moja, hadi mbio hizo zinapofika kwa risasi-210 na kupunguza kasi ghafla.

Nusu-maisha ya risasi-210, yaani muda ambao nusu ya atomu zake huhitaji ili zigeuke, ni takriban miaka 22. Ukiwa na gramu moja leo, baada ya miaka 22 itabaki nusu gramu, baada ya miaka 44 itabaki robo, na hesabu huendelea hivyo. Hakuna moto, baridi, shinikizo wala dawa ya maabara inayoweza kuiharakisha au kuichelewesha kwa kiwango cha kutajika. Inapogeuka, nutroni moja ndani ya kiini huwa protoni na elektroni hurushwa nje. Protoni zikishakuwa 83, hiyo si risasi tena bali ni bismathi. Bismathi-210 nayo haikai. Nusu yake huisha kwa siku tano na kuwa poloniamu-210, ambayo nusu-maisha yake ni siku 138. Poloniamu ndiyo mkali wa ukoo huu, kwani hurusha chembe nzito za alfa zenye kudhuru vibaya zikiingia mwilini. Baada ya hapo safari hukoma, kwa kuwa kinachobaki ni risasi-206, ambayo ni tulivu milele.

Jambo moja katika orodha hiyo lilikuwa na maana kubwa kwa De Hevesy, ingawa hakuna aliyelijua vyema mwaka wa 1911. Tabia za kikemia hutokana na protoni na elektroni, wala hazijali sana nutroni. Kwa hiyo risasi-210 huyeyuka pale risasi inapoyeyuka, huganda pale inapoganda, na huungana na asidi zile zile kwa namna ile ile. Kumtaka mkemia azitenganishe kulikuwa sawa na kumtaka mtu achague, gizani na kwa kupapasa tu, punje za mahindi zilizovunwa shamba moja kutoka kwa zilizovunwa shamba jirani.

De Hevesy alipapasa karibu miaka miwili. Alijaribu kila njia aliyofundishwa, na kila mara Radiamu D iliifuata risasi kama kivuli. Kwa kijana aliyetoka mbali akitaka kujijengea jina mbele ya mwanasayansi mashuhuri kuliko wote wa fani yake, huko kulikuwa kushindwa kulikomtia uchungu. Wengine wangeomba radhi na kuhamia kazi nyingine.

Yeye aliligeuza swali. Ikiwa Radiamu D haitengani na risasi hata ifanyiwe nini, basi mtu akiichanganya makusudi na risasi ya kawaida, kiasi kidogo tu, itakwenda kila mahali risasi inapokwenda. Na kwa kuwa inatoa mionzi, itajitangaza yenyewe. Risasi ambayo jicho haliioni na mizani haiipimi itaweza kufuatwa hatua kwa hatua, kama mbuzi aliyevishwa njuga.

Kuna kisa cha wakati huo ambacho De Hevesy mwenyewe alipenda kukisimulia uzeeni. Alikuwa akiishi katika nyumba ya kupanga ambako mama mwenye nyumba aliwapikia wapangaji, naye akashuku kwamba nyama waliyoibakiza Jumapili ilikuwa ikirudi mezani siku zilizofuata kwa sura nyingine. Mama huyo alikana katakata. Ndipo mkemia wetu akatia kiasi kidogo sana cha mada yenye mionzi kwenye mabaki ya sahani yake. Chakula kilipoandaliwa tena, alikuja na kifaa cha kupimia mionzi, na kifaa hakikuficha kitu. Mama alikiri, ingawa haielekei kwamba mapishi yalibadilika sana.

Kazi yenyewe ya kisayansi ilifanyika Vienna. Katika Taasisi ya Radiamu ya mji huo alimkuta Friedrich Paneth, ambaye naye alikuwa amehangaika vivyo hivyo na kuambulia patupu. Waliunganisha kushindwa kwao. Mwaka wa 1913 walichanganya Radiamu D na chumvi za risasi ambazo haziyeyuki ila kidogo mno katika maji, wakaacha maji yafanye kazi yake, kisha wakayakausha na kupima mionzi iliyobaki. Kutokana na mionzi walihesabu ni risasi kiasi gani iliyokuwa imeyeyuka. Kwa mizani za kawaida kipimo hicho kisingewezekana.

Palikuwa na ujanja mmoja katika upimaji huo ambao aghalabu husahauliwa. Elektroni zinazorushwa na risasi-210 ni dhaifu mno, na vyombo vya wakati ule viliziona kwa shida. Zinazopimika vizuri ni zile za mtoto wake, bismathi-210, zenye nguvu nyingi zaidi. Hivyo mpimaji alilazimika kungoja takriban mwezi mmoja hadi bismathi mpya ifikie kiwango kinacholingana na risasi iliyoizaa, ndipo asome kifaa. Subira ilikuwa sehemu ya jaribio.

Mwaka huo huo wa 1913, Frederick Soddy wa Glasgow alitoa ufafanuzi uliohitajika. Alisema kwamba elementi moja inaweza kuwa na atomu za uzito tofauti zinazokaa nafasi moja katika jedwali la elementi, na akaziita isotopu. Radiamu D haikuwa kitu kigeni kilichojificha ndani ya risasi, ilikuwa risasi. De Hevesy alikuwa ameshindwa kwa sababu hapakuwa na ushindi wa kupatikana kwa njia alizokuwa nazo.

Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilikatiza mambo. De Hevesy alitumikia jeshi la Austria na Hungaria katika kazi za kiufundi viwandani. Rafiki yake Moseley, aliyekuwa upande wa Uingereza, aliuawa Gallipoli, Uturuki, mwaka wa 1915 akiwa na umri wa miaka 27. Vita vilipokoma Hungaria ilitumbukia katika misukosuko ya kisiasa, na mnamo 1920 De Hevesy alihamia Copenhagen kwa Bohr. Huko, mapema mwaka wa 1923, yeye na Mholanzi Dirk Coster walitangaza kugundua elementi mpya, hafniamu, iliyopewa jina la Kilatini la mji huo. Kwa wengi ugunduzi wa elementi ungetosha kuwa kilele cha maisha. Kwake ulikuwa kituo cha njiani.

Katika mwaka uo huo alifanya jaribio dogo ambalo lingekuja kuwa na uzito zaidi. Aliitwaa mimea ya maharagwe makubwa, akaitia mizizi yake katika maji yenye chumvi ya risasi iliyochanganywa na Thoriamu B. Hii nayo ni risasi, ila ni risasi-212, ambayo nusu-maisha yake ni saa 10 na ushei tu. Baadaye aliikata mimea sehemu sehemu, akazichoma zikawa majivu na kupima mionzi ya kila sehemu. Risasi nyingi ilikuwa imenasa mizizini. Majanini ilifika kidogo sana. Isitoshe, aliporudisha mmea kwenye maji yenye risasi isiyo na mionzi, ile ya kwanza iliachia nafasi yake na kutoka. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu kufuata safari ya elementi ndani ya kiumbe hai kwa kutumia mionzi. Mwaka uliofuata, akishirikiana na wenzake wa Denmark, aliihamishia mbinu hiyo kwa wanyama, wakichunguza njia za bismathi na risasi mwilini.

Hata hivyo, risasi ilikuwa na kasoro ambayo hakuna werevu ungeiondoa. Ni sumu, na mwili hauihitaji kwa lolote. Anayetaka kujua jinsi uhai unavyojiendesha anahitaji kufuata vitu ambavyo uhai umejengwa kwavyo, na vitu hivyo havikuwa na isotopu zenye mionzi zilizojulikana. De Hevesy alilazimika kusubiri zaidi ya miaka kumi.

Miaka hiyo aliitumia kwa sehemu kubwa Freiburg, alikorudi mwaka wa 1926 akiwa profesa. Alikuwa amemwoa Pia Riis wa Denmark mwaka wa 1924, na wakajaliwa watoto wanne. Mnamo 1934, baada ya Wanazi kutwaa mamlaka, aliiacha Ujerumani na kurejea Copenhagen. Uamuzi huo ulimwokoa kwa muda.

Mwaka wa 1934 ulileta pia funguo alizozingoja. Huko Ufaransa, Irène Curie na mumewe Frédéric Joliot walionyesha kwamba isotopu zenye mionzi zinaweza kutengenezwa na binadamu. Punde De Hevesy alijipatia fosforasi-32, ambayo nusu-maisha yake ni siku 14, akawalisha panya. Matokeo aliyoyachapisha pamoja na O. Chiewitz mwaka wa 1935 yaliwashangaza wengi. Mifupa, iliyodhaniwa kuwa nguzo zisizobadilika baada ya kujengwa, ilikutwa ikipokea fosforasi mpya na kutoa ya zamani muda wote. Kabla ya hapo kidogo alikuwa amekunywa maji mazito, yaani maji yenye hidrojeni ya uzito wa ziada, ili ajue maji hukaa mwilini muda gani. Jibu lilikuwa karibu wiki mbili kwa wastani.

Mnamo Aprili 9, 1940, majeshi ya Ujerumani yaliivamia Denmark. Katika taasisi ya Bohr kulikuwa na medali mbili za dhahabu za Tuzo ya Nobel, mali ya wanafizikia Max von Laue na James Franck, zilizowekwa huko zisiporwe na Wanazi. Kutoa dhahabu nje ya Ujerumani lilikuwa kosa kubwa la jinai, na majina ya wenyewe yalikuwa yamechorwa juu yake. Kupatikana kwa medali hizo kungemtia Von Laue, aliyekuwa angali Ujerumani, katika hatari kubwa. De Hevesy alipendekeza zifukiwe, lakini Bohr alihofu kwamba zingefukuliwa. Askari walipokuwa wakipita barabarani, mkemia alizitumbukiza katika mchanganyiko wa asidi ya nitriki na asidi ya hidrokloriki, ambao ni miongoni mwa vitu vichache vinavyoyeyusha dhahabu. Kazi ilikwenda taratibu, maana dhahabu ni ngumu kushawishi. Mwishowe palibaki chupa ya kimiminika cha rangi ya machungwa, ikawekwa kwenye rafu pamoja na chupa nyingine. Wanajeshi waliipekua taasisi na kuipita. Baada ya vita dhahabu ile ilitolewa tena katika kimiminika na kupelekwa Stockholm, nako medali zikafuliwa upya.

Mwaka wa 1943, hatari kwa watu wenye asili ya Kiyahudi ilipozidi Denmark, De Hevesy alikimbilia Uswidi. Alikuwa huko Stockholm ilipotangazwa mnamo 1944 kwamba Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka wa 1943 ni yake, kwa kazi ya kutumia isotopu kama viashirio katika kuchunguza mienendo ya kikemia. Alipokea uraia wa Uswidi na kuendelea na utafiti hadi uzeeni, hasa kuhusu damu na athari za mionzi kwa chembe hai. Alifariki Freiburg mnamo Julai 5, 1966, akiwa na umri wa miaka 80. Miongo kadhaa baadaye mabaki yake yalihamishiwa Budapest alikozaliwa.

Zile risasi mbili alizoanza nazo hazikustaafu pamoja naye. Risasi-212, iliyopita katika mizizi ya maharagwe, imo katika majaribio ya tiba ya saratani, ambapo hufungwa kwenye molekuli zinazotafuta uvimbe ili watoto wake wapige chembe za alfa papo hapo karibu na seli zilizougua.

Risasi-210 imepata kazi nyingine, ya kuwa kalenda, na kazi hiyo imeifikisha hata Afrika Mashariki. Gesi ya radoni hupanda kutoka ardhini na kumegukia hewani. Risasi-210 inayozaliwa huanguka pamoja na mvua na vumbi, ikatua ziwani na kuzikwa katika tope. Kadiri tope linavyokuwa la zamani ndivyo risasi hiyo inavyopungua, kwa kipimo kile kile cha nusu kila miaka 22. Kwa njia hiyo mtafiti anaweza kuhesabu umri wa kila tabaka hadi karne moja hivi na zaidi kidogo, kabla mabaki hayajawa machache mno kupimika.

Ndivyo tope la Ziwa Victoria lilivyosomwa katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2002. Matabaka yaliyopewa umri kwa risasi-210 yalionyesha kwamba mimea midogo ya majini ilianza kuongezeka tangu miaka ya 1930, sambamba na kuongezeka kwa watu na mashamba katika nchi zinazolizunguka ziwa. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960, oksijeni katika maji ya vilindini ilikuwa imeanza kutoweka, muda mrefu kabla ya wavuvi na maafisa wa serikali kuanza kuzungumzia samaki waliokuwa wakiadimika.